Mchungaji wa Belhelvie na Fataki ya Bunduki

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Gazeti letu la shule limekwisha kutupa habari za wafalme, za wasafiri waliozunguka dunia na za waganga waliovumbua dawa. Muhula huu naomba nafasi nieleze maisha ya mtu wa namna nyingine: mchungaji wa kanisa la mashambani, ambaye hakuwa askari wala fundi wa silaha, na ambaye kwa sababu ya bata tu aligeuza bunduki za ulimwengu mzima. Jina lake ni Alexander John Forsyth, Mskoti, naye alifariki zamani, mwaka wa 1843.

Kwanza sharti niseme kwa nini mimi, kijana wa miaka kumi na saba niliyelelewa karibu na mto Kilombero, nikajishughulisha na mzee huyu wa Ulaya. Nyumbani kwetu kuna habari ambayo babu huisimulia kila mvua za masika zinapoanza. Baba yake alikuwa na gobori la gumegume. Alfajiri moja ya mvua alikuwa akilinda mpunga, na nguruwe dume akaingia shambani. Mzee akalenga vizuri, akafyatua. Jiwe likatoa cheche, lakini baruti ya nje ilikuwa imelowa, na gobori likala mrao. Nguruwe akamjia, akampasua paja, na tangu siku ile mzee alichechemea mpaka alipozikwa. Babu alipokuwa mtu mzima hakutaka hata kulishika gobori lile. Alikwenda kununua la fataki. Nami nilipokuwa mdogo nalidhani fataki ni kitu kilichokuwako tangu kale, kama mvua na jua. Ni mwaka jana tu, mwalimu wetu wa Kemia alipotaja chumvi za zebaki zinazolipuka kwa kugongwa, nikamwuliza kama hizo ndizo zilizokuwa ndani ya fataki za babu. Mwalimu akacheka, akanipeleka maktaba, na huko ndiko nilikokutana na Mchungaji Forsyth.

Tuangalie kwanza jinsi gobori la gumegume linavyofanya kazi, maana bila ya hayo hatutaifahamu shida aliyoitatua. Mwenye gobori humimina baruti katika mtutu, akashindilia risasi juu yake. Kisha hutia baruti nyingine kidogo, iliyo laini, katika kisahani kilichoko nje, ubavuni mwa mtutu. Akifyatua, nyundo iliyobana jiwe la gumegume hupiga kibati cha chuma. Cheche huanguka kisahanini. Baruti ya kisahanini huwaka. Moto wake hupita katika tundu dogo mpaka ndani. Ndipo baruti kubwa inapolipuka. Hebu zihesabu, msomaji, ni hatua ngapi. Upepo ukipeperusha baruti ya kisahanini, kazi imekwisha. Mvua ikiilowesha, kazi imekwisha. Tundu likiziba, kisahani huwaka bure na risasi haitoki. Na hata mambo yote yakienda sawa, pana kitambo kidogo kati ya mwako wa nje na kishindo cha ndani. Kitambo hicho ndicho kilichomkera Mchungaji Forsyth.

Alizaliwa tarehe 28 Desemba, 1768, katika nyumba ya mchungaji huko Belhelvie, usharika wa mashambani katika wilaya ya Aberdeenshire, kaskazini-mashariki ya Uskoti, si mbali na bahari. Baba yake, James Forsyth, ndiye aliyekuwa mchungaji wa hapo. Kijana alisoma King's College katika mji wa Aberdeen, akapata shahada yake mwaka wa 1786, akiwa hajatimiza miaka kumi na minane. Yaani alikuwa na umri kama wangu mimi ninayehangaika na mtihani wa Kidato cha Nne! Mwaka wa 1790 baba yake alifariki, na mwaka uliofuata mtoto akawekwa wakfu kushika mahali pake. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili. Hakuuacha usharika ule mpaka kufa kwake, miaka hamsini na miwili baadaye.

Mchungaji wa shamba alikuwa na mahubiri ya Jumapili, wagonjwa wa kutembelea na maiti wa kuzika. Lakini saa zilizobaki zilikuwa zake. Forsyth alizitumia kwa mambo mawili. La kwanza lilikuwa ni elimu ya kemia na ufundi wa vyuma. Alikuwa na karakana yake ndogo nyumbani, na humo alijaribu dawa na kuchonga visu kwa mkono wake. La pili lilikuwa ni kuwinda ndege wa majini. Pwani ile ina bata wengi wa mwituni wakati wa baridi.

Sasa, bata si mjinga. Forsyth aliona kwamba alipofyatua bunduki yake ya gumegume, bata aliona mwako wa kisahani, na kabla risasi haijafika alikuwa amekwisha kuzama majini. Risasi ikapiga maji matupu. Watu wengi walikuwa wamekwisha kuona jambo hilo kabla yake, wakalaumu macho yao, au bunduki, au bata. Mchungaji huyu hakulaumu. Alikwenda nyumbani akatengeneza kifuniko cha kuuficha ule mwako. Kifuniko kilisaidia kidogo. Lakini bunduki bado ilikawia, na mvua ya Uskoti ni mvua kweli kweli. Ndipo alipoanza kujiuliza kama cheche yenyewe inahitajiwa.

Wakati huo wataalamu wa kemia wa Ulaya walikuwa wamevumbua unga wa namna mpya, usiohitaji moto ili ulipuke. Kuugonga tu kunatosha. Ufaransa walikuwa wamejaribu kuutumia badala ya baruti ya kawaida, na mwaka wa 1788 huko Essonne mlipuko wa majaribio hayo uliua watu. Mwaka wa 1800 Mwingereza Edward Howard alitangaza habari za chumvi ya zebaki yenye tabia hiyo hiyo, naye pia alikuwa ameumia katika kazi yake. Wote walifikiri juu ya nguvu ya unga ule. Walitaka uisukume risasi. Lakini ulikuwa na hasira mno, ukapasua mitutu.

Hapa ndipo ninapomstahi Forsyth. Yeye hakutaka nguvu zake, alitaka utii wake. Aliona kwamba chembe kidogo tu ya unga ule, ikifungiwa ndani na kugongwa na nyundo, itatoa mwali wa kuwasha baruti ya kawaida. Na baruti ya kawaida, iliyo mpole, ndiyo itakayoisukuma risasi kama siku zote. Hakutakuwa na gumegume wala kisahani, wala mwako wa nje wa kumwonya bata. Mvua haitaingia, kwa kuwa hapana mlango.

Alijaribu kwa miaka mingi. Mwaka wa 1805 alikuwa na mtambo uliofanya kazi. Ulikuwa na kikasha kidogo cha chuma chenye umbo la kichupa cha manukato, na ndani yake mlikuwa na unga wa kutosha mara nyingi. Mwindaji alikizungusha kikasha, chembe ya unga ikashuka mahali pake, akakirudisha, akafyatua, na nyundo ikagonga kijiti cha chuma kilichougonga unga. Aliwinda nao msimu wote, na bata wa Belhelvie wakapata hasara.

Mwaka wa 1806 alikwenda London na bunduki yake. Huko alimwona Sir Joseph Banks, rais wa Royal Society, na kwa njia hiyo habari zikamfikia Lord Moira, mkuu wa idara ya silaha za serikali. Uingereza wakati huo ilikuwa katika vita na Napoleon, na Lord Moira alikuwa mtu wa kuona mbali. Alimwomba mchungaji akae London afanye majaribio yake ndani ya Tower, ile ngome ya kale ilimokuwa na ghala za silaha. Forsyth akakubali, na kule Belhelvie mtu mwingine akashika kazi za kanisa kwa muda.

Lakini mwaka wa 1807 serikali ilibadilika. Lord Moira akatoka, akaingia Lord Chatham, naye hakuona maana yoyote katika vyombo vya mchungaji. Forsyth aliamriwa aondoe takataka zake katika Tower. Mtu aliyekuwa ameacha usharika wake ili aitumikie nchi yake wakati wa vita akafunga mizigo yake na kutoka. Husimuliwa kwamba Napoleon mwenyewe alikuwa tayari kumpa pauni 20,000 kwa siri ile, naye akakataa. Habari hiyo imesimuliwa na wengi, nami naiandika kama nilivyoikuta.

Hata hivyo hakurudi nyumbani mikono mitupu. Tarehe 11 Aprili, 1807, alipata hataza, yaani hati ya serikali inayomlinda mvumbuzi asiibiwe kazi yake. Maelezo ya hati hiyo yaliandikwa kwa msaada wa James Watt, yule yule wa injini ya mvuke tuliyemsoma Kidato cha Kwanza. Hati ilitungwa kwa akili sana: haikulinda kile kichupa tu, ililinda wazo lenyewe la kuwasha bunduki kwa kugonga unga. Mwaka wa 1808 duka la Forsyth na wenzake likafunguliwa Piccadilly, London, na fundi mmoja kijana aliyefanya kazi kwao, James Purdey, baadaye alikuja kuwa mtengenezaji bunduki mashuhuri.

Duka lilipata sifa, lakini bunduki zake zilikuwa za matajiri. Kichupa kile kilitaka fundi stadi wa kukitengeneza na mwenyewe mwangalifu wa kukisafisha, na unga wenyewe uliacha chumvi iliyoleta kutu upesi. Kwa hiyo Forsyth alikuwa amepata kuaminika, lakini hakupata urahisi wa bei. Askari wa kawaida, na mkulima kama baba yake babu, hangeweza kuiota bunduki ile.

Urahisi uliletwa na wengine. Mafundi wa London na Paris walijaribu kuufinyanga unga uwe vidonge, wakautia katika vijiti vya shaba na katika vipande vya karatasi, mpaka ikapatikana fataki yenyewe: kikombe kidogo cha shaba nyekundu, chenye tone la unga chini yake, lililofunikwa lisipate maji. Hukivika kikombe hicho juu ya kifa, kile kichuchu chenye tundu lililoelekea kwenye baruti, na nyundo hukigonga. Nani aliyekibuni kwanza? Wanaodai ni wengi. Joshua Shaw, mchoraji wa picha, Mwingereza aliyehamia Philadelphia mwaka wa 1817, alisema ni yeye, na alipewa hataza ya Marekani mwaka wa 1822. Wengine humtaja Joseph Egg, wengine Purdey, na wengine hutaja Wafaransa. Mimi sina uwezo wa kuamua kesi iliyowashinda wazee. Ninaloliona ni kwamba wote walikuwa wakijenga juu ya msingi wa Mchungaji Forsyth, na mahakama ya Uingereza iliona hivyo pia: Joseph Manton, fundi hodari kuliko wote wa London, alishitakiwa kwa kuivunja hataza, akashindwa mwaka wa 1818. Hataza ikamalizika mwaka wa 1821, na toka hapo kila fundi akawa huru.

Fataki ya shaba ilikuwa rahisi kwa sababu mashine iliweza kuzikata nyingi sana kwa siku kutoka katika bati jembamba. Tena bunduki ya zamani haikutupwa. Fundi aliondoa kisahani na kibati, akaweka kifa na nyundo mpya, na bunduki ya gumegume ikawa ya fataki kwa gharama ndogo. Mabadiliko hayo yalifika hata pwani yetu na bara yake, maana Ulaya ilipoacha bunduki za zamani, nyingi ziliuzwa Afrika. Lugha yetu imeweka kumbukumbu ya hatua zote tatu: bunduki ya mrao, iliyowashwa kwa utambi, bunduki ya gumegume, na bunduki ya fataki. Na mpaka leo wazee husema bunduki imekula mrao inapokataa kulia, hata kama huo utambi hawakupata kuuona.

Serikali ya Uingereza ilikawia mno kushawishika. Mwaka wa 1834, miaka ishirini na saba baada ya kumfukuza Forsyth katika Tower, jeshi lilifanya majaribio huko Woolwich. Walichukua bunduki sita za gumegume na sita za fataki, wakapiga mara 6,000 kwa kila namna, katika hali zote za hewa. Bunduki za gumegume zilikataa mara 922. Bunduki za fataki zilikataa mara 36 tu. Nawaomba wasomaji wanaoogopa hesabu wasiruke hapa. Maana yake ni kwamba kati ya askari mia moja waliofyatua gumegume, kumi na watano walibaki wameshika chuma kimya mbele ya adui; na kati ya askari mia moja wa fataki, hata mmoja kamili hakufika.

Na bado silaha mpya ziligawiwa polepole. Mwezi wa Mei, 1841, katika vita vya Uingereza na China, kikosi cha askari wa Kihindi wa Madras kilizungukwa na wanakijiji wengi karibu na Canton wakati wa mvua kubwa. Kilikuwa na bunduki za gumegume, na hakuna hata moja iliyolia. Walijikinga kwa singe tu. Waliokolewa na askari wa majini waliotumwa kuwatafuta, wakiwa na bunduki za fataki, ambazo katika mvua ile ile zilifanya kazi. Niliposoma habari hiyo nilikifunga kitabu kidogo, nikamfikiria baba yake babu katika mpunga.

Je, Mchungaji Forsyth alikuwa wapi muda huo wote? Alikuwa Belhelvie, akihubiri, akizeeka. Jeshi la nchi yake lilikuwa sasa linachukua fataki kwa maelfu na maelfu, na yeye hakupata kitu. Marafiki zake walipeleka maombi serikalini. Mwaka wa 1842 akapewa pauni 200, akiwa mzee wa miaka sabini na mitatu. Tarehe 11 Juni, 1843, alifariki katika nyumba ile ile ya mchungaji alimozaliwa. Baada ya kifo chake serikali ikatoa pauni 1,000, zikagawiwa jamaa zake watatu. Baadaye sana, katika karne ya ishirini, liliwekwa bamba la ukumbusho wake katika Tower of London, mahali pale pale palipotupwa vyombo vyake.

Ningeweza kuishia hapa, lakini Mwalimu alinitaka nieleze pia fataki ilikwenda wapi baada ya mvumbuzi wake. Iliingia ndani ya risasi. Mafundi walitengeneza ganda la shaba ya manjano, wakatia baruti ndani, risasi mdomoni na fataki katikati ya kitako. Mwaka wa 1866 watu wawili walipata hataza za namna mbili. Hiram Berdan, Mmarekani, aliweka fuawe ndogo, ile ambayo unga hugongwa juu yake, iwe sehemu ya ganda lenyewe, na ubavuni mwake akaacha vitundu viwili vya moto. Edward Boxer, Mwingereza wa Woolwich, aliitia fuawe ndani ya fataki, akaacha ganda na tundu moja katikati. Cha kuchekesha ni kwamba ile ya Mwingereza ndiyo iliyopendwa Marekani, na ile ya Mmarekani ikaenea Ulaya.

Tofauti hiyo, ingawa ni ndogo kuliko punje ya mtama, ina maana kubwa kwa watu wa Marekani wanaopiga shabaha kwa bastola na kujaza tena maganda yao wenyewe ili kupunguza gharama. Jambo hilo huko ni halali na la kawaida. Ganda la shaba hutumika mara nyingi. Fataki hutumika mara moja. Ganda la Boxer husukumwa sindano katika lile tundu la katikati, fataki iliyokufa ikatoka. La Berdan hutaka chombo cha pekee na subira. Kwa hiyo karibu wote huchagua Boxer. Fataki za bastola zina ukubwa wa namna mbili, milimeta 4.45 na milimeta 5.33, na ganda halikubali ila saizi yake. Tena zile za bunduki ndefu hazifai kuwekwa badala yake hata zikiwa rahisi, kwa kuwa kikombe chake ni kigumu zaidi na nyundo ya bastola huenda isikibonyeze barabara. Zina nguvu zaidi pia.

Huuzwa mia mia katika kisanduku, na elfu elfu katika furushi. Mwaka wa 2020 na 2021 zilikuwa adimu madukani na bei yake ikapanda sana, hata watu wakanunua alama wasizozijua. Wenye busara hununua kwanza kisanduku kimoja cha mia, wakazipiga zote katika bastola yao wenyewe, wakahesabu zilizokataa. Fataki ikikataa mara ya kwanza na kukubali ya pili, aghalabu kosa si lake. Haikushindiliwa mpaka chini, na pigo la kwanza lilimaliza kazi ya kuishindilia. Wanaotumia bastola yenye nyundo nyepesi hutafuta alama zenye kikombe laini. Na fataki kuukuu za kijeshi, zile zenye chumvi kama ya Forsyth, zinaweza kuwa rahisi kwa bei, lakini asiyeosha mtutu wake kwa maji siku ile ile ataununua tena kwa kutu. Wajerumani walitafuta dawa isiyoleta kutu katika miaka ya 1920, na sasa fataki mpya karibu zote ni za namna hiyo. Lakini nyingi zina madini ya risasi, na mpigaji hunawa mikono kabla ya kula.

Kuhusu bei, nilifanya hesabu yangu kwa tarakimu za Woolwich. Mtu akinunua fataki 1,000 zinazokataa kama gumegume, yaani kama 154 katika elfu, amenunua 846 kwa bei ya 1,000. Akinunua zinazokataa 6, amenunua 994. Hapo hatujahesabu nguruwe.

Wakati wa likizo nilimsomea babu habari hizi zote, nikizitafsiri kadiri nilivyoweza. Alisikiliza kimya mpaka nilipofika kwenye zile pauni 200, akauliza kama mchungaji alikuwa na shamba. Kisha akanieleza jinsi yeye alivyokuwa akinunua fataki zake katika duka la mjini. Zilikuwa katika vikopo vidogo vya bati. Palikuwa na kopo la bei ndogo na kopo la bei kubwa, naye mwaka wa kwanza alichukua la bei ndogo. Alipofika nyumbani alipiga tatu juu ya kifa bila ya baruti, na moja ikakataa. Hakulirudisha, aliligawa kwa vijana wa kutishia nyani, na mwezi uliofuata akauza kuku wawili ili apate lile la bei kubwa. Toka siku ile hakubadili alama mpaka alipolikabidhi gobori lake serikalini. Kopo moja bado lipo. Bibi huweka humo sindano zake na vifungo vya mashati.